Jedwali Linapovurugika: Namna ya Kulitengeneza Bila Kulichapa Upya

Mama mmoja, mweka hazina wa kikundi cha wauza samaki wa Dunga, aliingia katika saiba ninakofanya kazi hapa Kisumu akiwa na flashi yenye faili ya kurasa 7. Ndani yake mlikuwa na majina ya wanachama, kilo za mbuta na ngege walizonunua, gorogoro za omena, na fedha ambazo kila mmoja alichanga kwa wiki. Nyumbani, kwenye kompyuta ya binti yake, jedwali lilikuwa limenyooka. Kwetu safu ya mwisho ilikuwa imetoka nje ya karatasi, majina yalikuwa yamekatwa nusu, na nyuma ya yote ulitokea ukurasa wa 8 usio na neno hata moja. Alikuwa ameshaambiwa mahali pengine kwamba dawa ni kuchapa kazi yote upya, naye alikuwa tayari kulipa. Ninaandika mwongozo huu kwa sababu gharama hiyo haikuhitajika, na watu wengi huitoa.

Hatua ya kwanza ni kuacha kuvutavuta kingo za jedwali kwa kipanya, kwani kila unapovuta bila kujua chanzo unaongeza kosa la pili juu ya lile la kwanza. Hifadhi nakala ya faili kwa jina jingine, kisha ufichue alama zisizochapishwa. Katika Microsoft Word bonyeza Ctrl, Shift na 8 kwa pamoja. Katika LibreOffice Writer bonyeza Ctrl na F10. Utaona kila nafasi ikiwa nukta ndogo, kila Tab ikiwa mshale, na kila aya ikiishia kwa alama inayofanana na herufi P iliyogeuzwa. Katika jedwali la yule mama, seli nyingi zilikuwa na alama za aya tatu au nne zilizorundikana chini ya jina, kwa sababu mchapaji alibonyeza Enter mara kwa mara ili kulilinganisha jina na tarakimu za safu ya pili. Seli ya namna hiyo huonekana sawa kwenye kompyuta moja tu. Fonti ikibadilika kidogo, kila kitu huteleza. Zifute alama hizo zote, kisha uchague seli na utumie vitufe vya ulinganifu vilivyomo katika kichupo cha "Layout". Angalia kwamba Word za miaka hii zinaweza kuonyesha vichupo viwili vyenye jina hilo: cha kwanza ni cha ukurasa, na cha pili, kilicho upande wa kulia, hutokea tu unapobofya ndani ya jedwali. Wengi hukifungua cha kwanza, wasione wanachokitafuta, wakakata tamaa.

Baada ya hapo tazama ukubwa wa karatasi. Printa zetu hutumia A4, ambayo ina milimita 210 kwa 297, lakini kompyuta nyingi huja zikiwa zimewekwa Letter, karatasi ya Marekani yenye milimita 216 kwa 279. Jedwali lililopimwa kwa Letter huwa pana kwa milimita 6 kuliko A4 inavyoweza kubeba kwa pambizo zilezile. Badilisha ukubwa katika kichupo cha ukurasa, ila usitarajie jedwali lifuate lenyewe iwapo upana wake ulikuwa umefungwa. Bofya ndani yake, nenda kwenye "AutoFit", chagua "AutoFit Window", nalo litakaa baina ya pambizo mbili. Ikiwa safu ni nyingi mno, geuza ukurasa ulale: kwa pambizo za sentimita 2.54, A4 iliyosimama hukuachia upana wa sentimita 15.92, na iliyolala hukupa 24.62. Pale ambapo ni jedwali peke yake linalohitaji ukurasa uliolala, weka kikomo cha sehemu, kile cha "Next Page", kabla yake na baada yake, kisha ugeuze sehemu hiyo ya katikati tu.

Safu zinazopanuka na kusinyaa kadiri unavyochapa si ugonjwa wa kompyuta. Jedwali limeagizwa lifuate urefu wa maneno. Fungua "Table Properties", bofya "Options", uondoe tiki kwenye "Automatically resize to fit contents", kisha uandike upana wa kila safu kwa sentimita. Kingo zilizopinda kama ngazi zina sababu tofauti kidogo: mtu alichagua seli moja, akavuta ukingo wake, na Word ikaisogeza seli hiyo pekee. Chagua safu nzima na uipe kipimo kimoja. Ikigoma, tafuta seli zilizounganishwa, kwani hizo ndizo huizuia safu isichaguliwe vizuri. Mimi hushauri watu wasiunganishe seli kwa ajili ya kichwa cha habari. Kichwa kiandikwe juu ya jedwali, nje yake.

Majina yaliyokatwa nusu hutokana na kimo cha mstari. Katika "Table Properties", kichupo cha "Row", utakuta kimo kimewekwa "Exactly", maana yake mstari usizidi kipimo hicho hata maneno yakizidi. Jina la mtu lenye sehemu tatu likishuka kwenye mstari wa pili wa seli, sehemu ya chini humezwa. Badilisha iwe "At least". Kinyume chake, mistari mirefu kupita kiasi mara nyingi husababishwa na nafasi iliyoachwa baada ya aya. Chagua jedwali lote na uweke sufuri mahali pa "Before" na "After".

Papo hapo kwenye kichupo cha "Row" ondoa tiki ya "Allow row to break across pages" ili mwanachama mmoja asigawanywe baina ya kurasa mbili, kisha uchague mstari wa kwanza na utie tiki kwenye "Repeat as header row". Ikiwa vichwa bado havijirudii, angalia kichupo cha "Table": "Text wrapping" inapaswa kuwa "None". Hakikisha pia hakuna aliyeweka kikomo cha ukurasa katikati ya jedwali.

Tarakimu zenye nukta, kama kilo 2.5 na 12.75, zinastahili uangalifu wa pekee, maana mweka hazina huzijumlisha kwa macho. Usizisogeze kwa nafasi. Bofya kile kiboksi kidogo kilicho mwanzoni mwa rula hadi itokee Tab ya desimali, acha safu hiyo ikiwa imelinganishwa kushoto, uichague, kisha ubofye rula juu yake. Nukta zote zitapangika wima bila kubonyeza Tab hata mara moja.

Kingo zikionekana kwenye skrini na zisitokee kwenye karatasi, ulichokuwa ukikiona ni mistari ya mwongozo tu; chagua jedwali na uweke "All Borders".

Ule ukurasa mtupu wa mwisho hauondoki kwa kitufe cha Delete, na hapo ndipo watu huhangaika zaidi. Word hulazimisha aya moja iwepo baada ya jedwali, na jedwali likiujaza ukurasa, aya hiyo husukumwa kwenye ukurasa mpya. Ichague, uipe fonti ya ukubwa wa 1, nafasi za juu na chini ziwe sufuri, na nafasi ya mistari iwe "Exactly" 1. Itabaki pale, lakini haitahitaji karatasi.

Mwisho, hifadhi nakala ya PDF kwa ajili ya kuchapisha au kutuma kwa WhatsApp, kwani simu na kompyuta zisizo na fonti uliyotumia huweka nyingine na kuzisukuma safu upya. Ile ya Word itunze kwenye flashi kwa ajili ya michango ya wiki zijazo.