CRB imekuandikia deni si lako? Fanya hivi

Ukienda kuomba loni pale Nakuru town ukaambiwa umelistiwa CRB, yaani kampuni inayoweka rekodi za mikopo ya watu, usitoke hapo na hiyo habari nusu. Uliza ni nani amekulisti, ni pesa ngapi na ni CRB gani, juu Kenya ziko tatu zenye leseni ya Benki Kuu, yaani TransUnion, Metropol na Creditinfo, na kosa linaweza kuwa kwa moja tu huku zingine mbili ziko sawa. Na kuwa CRB si kosa, kila mtu amekopa benki jina lake liko huko, hata yule analipa vizuri. Mbaya ni ile ripoti ya kwamba hukulipa.

Sasa toa ripoti zako zote tatu. Una haki ya ripoti moja ya bure kwa mwaka kutoka kwa kila CRB. Ya Metropol unaanzia *433#, hizo zingine unaingia tovuti zao. Kama unaenda cyber hakikisha umetoka kwa imeili yako kabla usimame kwa kiti, hiyo ripoti iko na nambari yako ya kitambulisho na kila deni lako na si kitu ya kuachia watu wa stage wasome.

Anza kuangalia jina na nambari ya kitambulisho, tarakimu moja ikikosewa unabebeshwa deni la mtu hata hujui anakaa wapi. Halafu angalia kila akaunti: nani alikupa, salio ni ngapi, na tarehe ya mwisho walisasisha. Hiyo tarehe ndiyo watu wengi huruka na ndiyo huonyesha ukweli, maana ulimaliza deni Machi na ripoti bado inasoma ya Januari, hapo ni mkopeshaji hajapeleka habari mpya. Ile nyingine naiona sana ni akaunti ya benki ulifungua ukiwa kazi ya zamani ukaiacha, makato ya kila mwezi yakaendelea mpaka salio likaenda chini ya sifuri, na siku moja unasikia ati una deni na hujawahi kukopa hapo hata bob. Kama uliguarantee mtu kwa sacco pia cheki, na hiyo haitakuwa kosa kama kweli ulisaini na yeye akatoroka.

Kitu kingine si kosa: deni ulichelewesha kisha ukalipa. Ukilipa linaandikwa limelipwa, lakini ile historia ya kuchelewa hukaa miaka 5 tangu ulipomaliza, kwa hivyo usipoteze nguvu kutaka ifutwe. Lakini ukipata umelistiwa kwa deni la chini ya shilingi 1,000, hiyo kanuni za CRB za 2020 zinakataza. Na mkopeshaji anafaa kukupa notisi ya siku 30 kabla akulisti vibaya, kwa hivyo pitia meseji na imeili za zamani uone kama ilikuja.

Kuna pia deni lako kweli lakini pesa zimefura. Kifungu cha 44A cha sheria ya mabenki kinasema deni la benki likishaharibika, yaani umeacha kulipa, riba haiwezi kupita ile pesa ya mtaji ilikuwa imebaki wakati liliharibika. Kama mtaji ulikuwa umebaki 10,000, riba inasimama 10,000, wanaweza kuongeza gharama za kukudai lakini si riba juu ya riba mpaka ifike 45,000. Waambie wakupe stetimenti yote ya loni tangu mwanzo ndio uhesabu.

Ushahidi wako mkubwa ni M-Pesa. Ingia *334#, omba stetimenti ya miezi uliyolipa, itakuja kwa imeili, kisha weka alama kila malipo pamoja na ile code yake ya M-Pesa. Kama ni mtu alitumia kitambulisho chako, piga *106# uone laini zimesajiliwa kwa jina lako, uende polisi uandikishe kwa OB, kile kitabu chao cha matukio, upate abstract, yaani karatasi ya kuthibitisha umeripoti.

Sasa andika, usipige simu tu, simu haina kumbukumbu. Peleka kwa mkopeshaji na kwa CRB siku moja, juu CRB haijitungii deni, inaletewa, na yule aliyeleta ndiye anafaa kukubali amekosea. Haihitaji Kiswahili cha mahakama: "Mimi fulani, kitambulisho nambari fulani, napinga akaunti nambari fulani kwa ripoti ya tarehe fulani. Nililipa shilingi kadhaa tarehe fulani, stetimenti imeambatishwa. Naomba mrekebishe na mnijibu kwa maandishi." Ukipeleka kwa branchi, kopi yako igongwe muhuri na tarehe. Mwambie CRB pia waweke alama kwa ripoti kwamba hilo deni linapingwa, ndio benki ikiangalia katikati ya mambo ijue bado kuna kesi.

Wakinyamaza ama wakujibu vibaya, panda juu. Benki na apu zenye leseni unazishtaki kwa Benki Kuu. Sacco za kuweka pesa ziko chini ya SASRA, mamlaka inayosimamia sacco. Na kwa vile habari yako ya uongo imeshikwa na mtu, sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inakupa haki ya kurekebishiwa, malalamiko hayo yanaenda kwa Kamishna wa Data.

Wale wa WhatsApp na Facebook wanasema watakuclear CRB kwa masaa mawili ukituma kitambulisho na pesa kidogo, block. Hakuna mtu ana funguo za huko nyuma, na umempa kitambulisho cha kukopea loni ingine.

Ukijibiwa imerekebishwa, omba barua ya mkopeshaji kuthibitisha, kisha toa ripoti tena kwa zote tatu, hata kama hiyo ya pili utalipia. Ile benki ilikukataa haitajua yenyewe, rudi na hiyo ripoti mpya uombe waangalie upya.