Njia ya hewa ya Forester ya tabo: ziba kwanza, badilisha baadaye

Wenye Subaru Forester SG5 na Impreza zenye injini ya EJ205 huanzia karibu wote mahali pamoja: kununua filta ya wazi na bomba la alumini linalong'aa. Sauti inabadilika siku hiyohiyo. Nguvu inaongezeka kidogo sana, na mara nyingine inapungua. Boksi la filta la kiwanda si baya kiasi hicho kwa tabo (pampu inayoijazia injini hewa) ndogo ya TD04L. Kinachoinyima injini hii nguvu ikishafikisha umri wake wa sasa ni mipira iliyokauka na kupasuka. Pia kipande cha bomba kinachobeba sensa ya MAF, ile inayopima hewa inayoingia, si bomba tu. Kompyuta ya gari hupima hewa kwa kuamini kwamba upana wake haujabadilika.

Utaratibu wa kufuata ni huu: tafuta uvujaji, tengeneza, kisha ndipo ubadilishe, na ukibadilisha urekebishe hesabu ya MAF.

Nairobi si Mombasa

Ufukweni shinikizo la hewa ni kama bar 1.01. Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, ni kama bar 0.82. Tuseme tabo inajaza bar 0.9 juu ya hewa ya nje. Mombasa itaikandamiza hewa mara 1.89, Nairobi mara 2.10 kwa usomaji uleule wa geji. Sasa weka filta iliyoziba inayopoteza bar 0.05 kabla ya tabo: Mombasa inapanda hadi 1.99, Nairobi hadi 2.23. Tabo inazunguka kwa kasi zaidi, hewa inatoka ikiwa moto zaidi, na TD04L huishiwa pumzi mapema RPM zikipanda. Ndiyo maana filta chafu inasumbua zaidi Nairobi au Eldoret kuliko Dar es Salaam, na ndiyo maana kuongeza bar za tabo kwa kufuata namba ulizosoma kutoka nchi za tambarare ni hatari.

Kupima uvujaji

Unahitaji kifuniko cha bomba la PVC kinachoenea kwenye mdomo wa bomba la kuingilia tabo, valvu ya tairi lisilo na tyubu iliyofungwa katikati ya kifuniko hicho, kompresa yenye regyuleta, na chupa ya kupulizia maji ya sabuni. Injini iwe imezimwa na imepoa.

Toa sehemu ya juu ya boksi pamoja na MAF, ufunge kifuniko mahali pake kwa klempu. Mipira ya kupumulia ya injini inayoingia kwenye bomba hilo ichomoe na uzibe matundu upande wa bomba. Usipofanya hivyo utaijaza krenki kesi hewa na kusukuma sili za oili nje. Fungua kifuniko cha oili, maana hewa kidogo itapita kwenye ringi za pistoni na inahitaji pa kutokea. Anza na bar 0.2, sikiliza, kisha panda polepole hadi 0.7. Usivuke bar 1, na usisimame mbele ya kifuniko: kikichomoka kinaruka kama jiwe la manati.

Pulizia sabuni kwa mpangilio: midomo ya bomba la kuingilia pale linaposhika tabo, mpira kati ya tabo na intakula (kipoza hewa), bomba lenye umbo la Y, gasketi ya valvu ya kurudisha hewa (inayoirudisha kwenye bomba la kuingilia tabo), mpira wa throto, gasketi za manifoldi (mabomba ya kugawia silinda hewa), sili za injekta, na kila kimpira kidogo cha vakyumu. Mlio unaotoka kwenye mdomo wa oili ni wa kawaida. Mlio kwenye silensa pia, kwa sababu kuna silinda ambayo valvu zake ziko wazi. Zungusha puli ya krenki kidogo kwa spana nao utapungua.

Kipimo hiki hakionyeshi kitu kimoja: valvu ya kurudisha hewa inayovuja kwa ndani, kwa kuwa pande zake zote mbili zina shinikizo moja. Itoe, uvute hewa kwenye kimdomo chake cha juu kwa pampu ya mkono ya vakyumu. Lazima ifunguke, na ukiacha kuvuta ibaki imeshika. Ikirudi yenyewe, kiwambo cha ndani kimechanika.

Dalili nazo husaidia kujua uanzie wapi. Uvujaji kabla ya tabo unaingiza hewa ambayo MAF haikuiona, hivyo mchanganyiko unakuwa mwepesi (petroli chache kuliko inavyohitajika) wakati wote. Uvujaji baada ya tabo una sura mbili. Injini ikiunguruma gari likiwa limesimama, manifoldi ikiwa na vakyumu, hewa huingia na mchanganyiko unakuwa mwepesi. Ukikanyaga mafuta, hewa iliyokwisha kupimwa inatorokea nje, petroli inabaki nyingi, na moshi mweusi unatoka. Gari linalotoa kodi P0171 (ya mchanganyiko mwepesi) likiwa limesimama na kuacha moshi mweusi mlimani mara nyingi lina tatizo moja tu, na tatizo hilo liko kati ya tabo na valvu za injini. Usiruhusu mtu akuuzie sensa kabla ya kulipima.

Bomba la kuingilia tabo

Hapa ndipo penye kazi. Bomba hili hupita chini ya manifoldi ya hewa, karibu na joto la tabo, na hupasukia mwishoni pale macho hayafiki. Lipapase kwa vidole upande wa chini. Likiwa gumu kama plastiki ya ndoo, agiza jipya. La silikoni linadumu zaidi, lakini hakikisha lina matundu yote ya gari lako: ya mipira ya kupumulia, ya valvu ya kurudisha hewa, na ya solenoidi ya kudhibiti tabo. Matoleo ya soko la Japani hayalingani yote na yale ya Marekani.

Kuna mafundi wanaolipenyeza bila kufungua manifoldi. Inawezekana, ila wengi hulikunja mdomo na kuondoka na uvujaji mpya. Afadhali ufungue manifoldi, ununue gasketi zake mpya, na uzibe matundu ya hewa ya vichwa vya silinda kwa vitambaa safi ili nati isidondokee ndani. Lainisha midomo kwa maji ya sabuni. Ukitumia grisi au oili, silikoni itateleza na kuchomoka siku tabo itakapojaa. Vichwa vya klempu vielekeze pale bisibisi itakapofika baadaye bila kufungua kitu kingine, na usizikaze kupita kiasi kwenye plastiki.

Mpira mwembamba kutoka kwenye tabo kwenda solenoidi na wesgeti (mlango unaopunguza nguvu ya tabo) una kidonge kidogo cha chuma ndani yake chenye tundu finyu. Ukiubadilisha mpira huo, hamishia kidonge kwenye mpira mpya. Kikitupwa, solenoidi haiwezi kupunguza shinikizo la kutosha, wesgeti inafunguka mapema na tabo haijai. Watu wamebadilisha tabo nzima kwa sababu ya kidonge hicho.

Filta

Kwa gari linalotembea barabara za vumbi, filta ya karatasi ndani ya boksi la kiwanda ndiyo chaguo letu. Vumbi likipita linakwangua mapanga ya tabo na kumaliza ringi. Filta ya kuoshwa yenye mafuta huchuja vizuri ikipakwa kwa kipimo, lakini ikilowa sana mafuta yanaganda kwenye waya wa MAF na usomaji unashuka. Ukitaka filta ya wazi, chukua ya aina kavu, ifungiwe kwenye kizuizi kinachotenga joto la injini na chenye njia ya hewa kutoka nje. Hakiki kwa skana: ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, joto la hewa linaloingia lisizidi la nje kwa zaidi ya digrii kama 10. Zile filta zinazoshushwa chini nyuma ya bampa zisahau kabisa kama unapita mahali panapofurika masika. Injini ikivuta maji, fimbo za pistoni zinapinda.

MAF isafishwe kwa dawa yake maalumu tu, bila kugusa waya kwa kitambaa au brashi, na iachwe ikauke kabisa kabla ya kurudishwa. Dawa ya kabureta na ya breki huiharibu.

Ukibadilisha upana wa bomba la MAF

Chukulia bomba la sensa lilikuwa milimita 65 ndani na jipya ni 75. Gawanya 75 kwa 65 na uzidishe jibu kwa lenyewe: 1.33. Kwa volti ileile ya MAF, injini sasa inavuta takriban theluthi moja zaidi ya hewa kuliko kompyuta inavyodhani. Kwenye mwendo wa taratibu sensa ya oksijeni itajaribu kusahihisha, na ukiona gari linatembea utadhani mambo ni shwari. Ukikanyaga mafuta yote, kompyuta inaacha kufuata sensa hiyo na kutumia jedwali lake. Mchanganyiko unakuwa mwepesi chini ya tabo iliyojaa, injini inagonga (petroli inalipuka kabla ya wakati wake), na kwenye EJ kingo za pistoni zinazoshika ringi ndizo zinazovunjika.

Kama huna mpango wa kurekebisha kompyuta, bakia na upana wa kiwanda. Kama unao, kebo ya Tactrix OpenPort 2.0 na programu ya RomRaider zinatosha kurekodi data za magari mengi ya kundi hili, pamoja na geji ya AFR (uwiano wa hewa na petroli) ya wigo mpana kwenye egzosti. Hifadhi kwanza faili ya asili.

Anza na mwendo wa taratibu. Rekodi volti za MAF pamoja na masahihisho mawili ya mafuta, ya papo hapo na yaliyojifunzwa, na uyajumlishe. Kama kwenye volti 1.8 jumla ni asilimia +8, zidisha thamani ya hewa ya hapo kwa 1.08. Lenga kubaki ndani ya asilimia 5 pande zote mbili. Kwa volti za juu tumia geji: kama shabaha ni 11.2 na umesoma 12.1, gawanya la pili kwa la kwanza upate 1.08, uzidishe. Lainisha jedwali lisiwe na ngazi za ghafla, kisha rudia.

Vipimo vya kukanyaga mafuta yote fanyia kwenye daino (mashine ya kupimia nguvu ya gari), si barabarani, gia ya tatu au ya nne kuanzia RPM 2,500. Kwa petroli ya pampu zetu, AFR kati ya 11.0 na 11.5 chini ya tabo ni salama. Magari haya yalitengenezwa kwa petroli ya Japani yenye oktani kubwa kuliko yetu, hivyo angalia masahihisho ya kugonga kabla ya kitu kingine. Kompyuta ikirudisha taimingi (wakati wa cheche) kwa digrii 2 au 3 mahali palepale kila mara, ondoa mguu kwenye mafuta, punguza taimingi au bar za tabo, ndipo uendelee.

Silikoni hujikunyata kidogo baada ya kupata moto mara chache. Mwisho wa wiki ya kwanza, injini ikiwa baridi, kaza klempu zote upya na usome tena masahihisho yaliyojifunzwa. Yakiwa yamehama kuelekea chanya, rudi na kifuniko cha PVC na sabuni.