Kubuni Viatu vya Michezo vya Kuruka na Kusimama Ghafla

Wengi wanaobuni kiatu cha kuruka huanza na sponji, wakitafuta soli itakayomrusha mchezaji juu, na hapo ndipo wanapokosea mpangilio wa kazi. Mtazame mshambuliaji wa mpira wa wavu anapoukaribia wavu: kisigino chake hutua kwanza, goti hukunjika, mwili uliokuwa ukienda mbele huzuiwa ghafla, kisha mwendo huo hugeuzwa kuwa wa kwenda juu. Mruko wake, kwa maneno mengine, huanza kwa kusimama. Kiatu kikiteleza hata kidogo katika nukta hiyo, hakuna sponji itakayofidia nguvu iliyopotea. Kwa sababu hiyo tutaanzia chini kabisa, kwenye mshiko wa soli, ndipo tupande kuuelekea mguu.

Mshiko hupimwa kwa uwiano kati ya nguvu inayohitajika kukiburuta kiatu na uzito unaokikandamiza sakafuni. Chukua kiatu cha majaribio, kitie uzito hadi jumla, pamoja na uzito wake chenyewe, ifike kilo 20, kifunge kamba usawa wa sakafu, kisha ukivute polepole kwa mizani ya springi. Ikisoma kilo 16 kiatu kinapoanza kuteleza, uwiano ni 0.8. Rudia kwenye sakafu iliyofutwa na kwenye sakafu yenye vumbi, kwa kuwa soli nyingi zinazosifiwa kwenye sakafu safi huaibika vumbi linapoingia. Kipimo hiki hakilingani na mzigo wa mchezo wenyewe, kwani msuguano wa mpira hubadilika kadiri mgandamizo na kasi vinavyobadilika, lakini kinatosha kulinganisha soli moja na nyingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Calgary, nchini Kanada, waliona kwamba kasi ya wachezaji huongezeka pamoja na mshiko hadi uwiano wa takriban 0.8, na zaidi ya hapo faida hukoma. Ukipita kiwango hicho unaongeza hatari tu, hasa pale mguu unapong'ang'ania sakafu huku mwili ukigeuka, jambo linalozitesa ligamenti za goti, yaani kano zinazoshikilia mifupa yake. Ndiyo maana soli nyingi za mpira wa kikapu huwa na mistari ya pindapinda kwa ajili ya kusimama, na mistari ya mviringo chini ya shina la kidole gumba ili mguu upate kuzunguka. Mifereji iwe na kina cha kupokea vumbi, lakini vipande vya mpira vilivyo kati yake visiwe vyembamba kiasi cha kulala upande vinaposukumwa.

Ukingo wa nyuma wa kisigino uviringwe kidogo, kwa sababu ukingo wenye pembe kali huupiga mguu chini kwa nguvu pindi kisigino kinapogusa sakafu. Upande wa nje, karibu na kidole cha mwisho, tandaza soli ipite upana wa mguu kwa milimita chache ili kiatu kisipinduke mchezaji anapojizuia kwa ubavu. Punguza pia urefu wa soli kadiri uwezavyo: mguu unapokaa juu zaidi, nguvu ya pembeni hupata mkono mrefu zaidi wa kukipindua kifundo.

Sasa linakuja tatizo ambalo, kwa maoni yangu, linapuuzwa kuliko yote. Kiatu kinaweza kusimama barabara huku mguu ukiendelea na safari ndani yake. Paka unga wa chaki ya rangi kwenye ncha ya soksi, mwache mchezaji akimbie na kusimama ghafla mara tano, kisha chungulia ndani ya ncha ya kiatu. Ukikuta rangi imejipaka kule mbele, mguu umeteleza, na kucha zinazogeuka nyeusi baada ya mechi husimulia habari hiyohiyo. Usikimbilie kupunguza saizi. Sogeza tundu za kamba nyuma zaidi ili kamba iubane mgongo wa mguu karibu na kifundo, weka soli ya ndani yenye kitambaa kisichoteleza, imarisha ukuta unaokizunguka kisigino, na upande wa nje tumia kitambaa kisichovutika. Kitambaa laini kinachonyumbuka kila upande hupendeza mtu anapokijaribu kiatu akiwa ameketi, lakini humsaliti anapokata kona.

Ukishaumudu mguu, geukia ugumu wa soli. Mtu anaporuka, vidole hukunjwa kwenye shina lake, na nishati inayomezwa na kiungo hicho hairudi yote. Watafiti Stefanyshyn na Nigg, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, waliifanya soli kuwa ngumu kukunjika wakaona mruko ukiongezeka kwa wastani wa sentimita 1.7. Kwa majaribio, kata bamba jembamba la nyuzi za kaboni lenye umbo la wayo, lipachike chini ya soli ya ndani, na uandae mabamba ya ugumu tofauti. Usidhani kwamba gumu zaidi ndilo bora zaidi, maana ugumu wa kupita kiasi huhamishia mzigo kwenye misuli ya shavu la mguu, na wachezaji hutofautiana sana katika kuubeba.

Sponji ndiyo iliyobaki, na hapa hesabu ndogo husaidia kutuliza matumaini. Mchezaji wa kilo 75 anayejiinua sentimita 50 anahitaji nishati ya takriban jouli 370 (jouli ni kipimo cha nishati). Katika vipimo vya viatu vya mbio, sponji ya PEBA, plastiki nyepesi yenye kurudi kwa nguvu, ilirudisha asilimia 87 ya nishati iliyopokea, ilhali ile ya EVA, plastiki ya kawaida ya soli, ilirudisha takriban asilimia 65. Hata hivyo, kiasi chenyewe kilichorudishwa na kiatu bora kwa hatua moja kilikuwa kama jouli 7, ambazo zingemwinua mchezaji huyo chini ya sentimita moja. Kazi kubwa ya sponji katika kiatu cha namna hii ni kupokea mtuo, ambao huleta nguvu ya mara kadhaa ya uzito wa mwili. Chagua sponji isiyobonyea hadi mwisho, na uifanye laini zaidi kwenye kisigino kuliko mbele.

Kabla ya kuamua unene wa soli, soma kanuni za mchezo husika. Mwaka 1957 mrukaji juu wa Umoja wa Kisovieti, Yuri Stepanov, aliruka mita 2.16 akiwa na kiatu chenye soli iliyonenepeshwa, na muda mfupi baadaye soli za kuruka juu zikawekewa kikomo cha milimita 13. Siku hizi kikomo katika riadha ya uwanjani ni milimita 20, na miiba haizidi 11 kwa kiatu kimoja. NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, nayo ilipiga marufuku mwaka 2010 kiatu cha kampuni ya Athletic Propulsion Labs kilichokuwa na springi chini ya sehemu ya mbele.

Katika majaribio, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Kiatu cha kwanza kirudiwe mwishoni, kwa mpangilio wa A, B, B, A, la sivyo uchovu wa mchezaji utahesabiwa kuwa kasoro ya kiatu B. Tofauti ya sentimita moja katika mruko mmoja haimaanishi kitu. Chukua wastani wa miruko kadhaa, kwa wachezaji kadhaa, bila kuwaambia kiatu kipi kina bamba. Viatu vikishachezewa kwa wiki chache, virudishe kwenye mizani ya springi, kwa sababu mpira uliolainishwa ili ushike vizuri ndio unaolika upesi, na mistari yake huanza kufutika chini ya kidole gumba.