Namna ya Kukisia Wapiganaji Watakaoongezwa kwenye Gemu

Mwongozo huu nimewaandikia wenzangu wenye vyumba vya gemu hapa Chake Chake na kwengineko Unguja na Pemba, pamoja na vijana wanaonunua gemu kwa fedha zao wenyewe. Michezo ya kupigana ya siku hizi huuzwa na sehemu tu ya wapiganaji wake. Waliobaki hutolewa mmoja mmoja kwa kulipiwa na kupakuliwa, na mara nyingi kampuni hutaka ulipie msimu mzima kabla hujawaona wote. Ajuaye kukisia hujua lini alipe mapema na lini asubiri. Rai yangu ni kwamba tukisie aina ya nafasi kwanza, na jina baadaye.

Hatua ya kwanza: hesabu nafasi. Street Fighter 6 ilitoka Juni 2023 ikiwa na wapiganaji 18, na tangu hapo imekuwa ikiongeza wanne kwa mwaka. Tekken 8, iliyotoka Januari 2024 ikiwa na 32, ilitoa wanne katika msimu wa kwanza na wanne katika wa pili. Kifurushi cha kwanza cha Mortal Kombat 1 kilikuwa na sita. Iandike idadi hiyo juu ya karatasi kabla ya jina lolote.

Hatua ya pili: zigawe nafasi kwa aina. Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi wanaporuka. Aina ni tatu: mkongwe anayerejea, mpiganaji mpya kabisa, na mgeni kutoka gemu au filamu nyengine. Tazama Tekken 8. Msimu wa kwanza walikuja Eddy Gordo, Lidia Sobieska na Heihachi Mishima, wote wakongwe wa mfululizo huo, kisha Clive Rosfield, mgeni kutoka Final Fantasy XVI. Msimu wa pili wakarejea Anna Williams, Fahkumram na Armor King, na nafasi ya nne akapewa mpya, Miary Zo, binti wa Madagaska. Kwa hiyo kila msimu ulikuwa na wakongwe watatu na mmoja wa namna nyengine. Aliyeujua mpangilio huo hakuhitaji kubishana barazani juu ya wageni wanne kwa mkupuo.

Street Fighter 6 ina tabia yake. Mwaka wa kwanza ilileta Rashid, Ed na Akuma, na mpya mmoja, A.K.I. Mwaka wa pili wakaja M. Bison na Elena, na wageni wawili wa kampuni ya SNK, Terry Bogard na Mai Shiranui. Mortal Kombat 1 iligawa nusu kwa nusu: Quan Chi, Ermac na Takeda upande wa wenyeji, Omni-Man, Peacemaker na Homelander upande wa wageni. Usiichukue tabia ya kampuni moja ukaipachika kwa nyengine.

Hatua ya tatu: orodhesha wakongwe waliokosekana. Kwa kila mmoja jiulize mambo matatu: amekosekana kwa muda gani, hadithi ya gemu inamtaja au haimtaji, na mtindo wake wa kupigana tayari unao mwenyewe mwengine au la. Elena, Mkenya aliyeingia Street Fighter III mwaka 1997, hakuwemo kabisa katika toleo la tano, na hakuna mwengine katika la sita aliyekuwa akipigana kwa kapoera. Alikuwa mtu wa kutegemewa, ingawa hapa kwetu wengi walimtaka kwa sababu ya ujirani tu. Kifo katika hadithi usikihesabu kuwa ushahidi. Heihachi alitumbukizwa kwenye volkeno katika Tekken 7 na gemu iliyofuata ikaanza akidhaniwa marehemu, kisha Oktoba 2024 akarudi akiwa mzima. Kwa hiyo watu wa Tekken msiwahi kuwasomea hitma.

Hatua ya nne: kwa wageni, fuata mikataba. Mgeni haji kwa sababu anapendwa, huja kwa sababu wenye mali wamekubaliana. Joker na Peacemaker waliingia Mortal Kombat kwa wepesi kwa kuwa DC, kampuni ya vitabu vya katuni walikotoka wawili hao, na Mortal Kombat zote zimo mikononi mwa Warner Bros. Tekken ilikwishamwalika Noctis wa Final Fantasy XV kabla ya Clive, yaani mlango wa Square Enix, wenye Final Fantasy, ulikuwa wazi zamani. SNK na Capcom, wenye Street Fighter, nao walikuwa na gemu ya pamoja tangu mwaka 1999. Terry na Mai walipokwenda Street Fighter, Ken na Chun-Li nao walikwenda Fatal Fury: City of the Wolves ya SNK. Ukiona wageni wawili wamekwenda, tafuta wawili watakaorudishwa. Hata Cristiano Ronaldo kuwemo katika gemu hiyo ya Aprili 2025, jambo lililochekesha wengi, halishangazi ukikumbuka kwamba SNK inamilikiwa na mfuko wa Misk wa Saudi Arabia na mchezaji mwenyewe yuko Al Nassr.

Hatua ya tano: pima tetesi. Kivuli kilichooneshwa na kampuni yenyewe kina uzito mkubwa. Jina lililookotwa ndani ya mafaili ya gemu lina uzito wa kati, kwani huweza kuwa mabaki ya kazi iliyoachwa. Video yenye mshale mwekundu haina uzito wowote.

Hatua ya sita: gawa asilimia. Kila jina lipe asilimia yake, na jumla ya zote iwe mia mara idadi ya nafasi. Kwa nafasi nne jumla ni 400, wala isizidi. Sharti hili ndilo linalomtia adabu mkisiaji: ukitaka kumpandisha mmoja, lazima umshushe mwengine. Tenga pia fungu la "mpya nisiyemjua", kwani hana jina la kumkisia. Baada ya tangazo, jipime: chukua tofauti kati ya ulichosema na kilichotokea, izidishe kwa yenyewe. Aliyempa mpiganaji 0.6 (yaani asilimia 60) naye akaja hupata 0.16, aliyempa 0.9 naye asije hupata 0.81. Mwenye jumla ndogo ndiye mjuzi, hata kama mwenye sauti kubwa ni mwengine.

Hatua ya saba: fanya uamuzi wa kununua. Matangazo mengi hutoka Evo, mashindano makubwa ya gemu za kupigana, kwenye maonesho ya gemu ya Tokyo mwezi Septemba, au The Game Awards, hafla ya tuzo za gemu, mwezi Disemba, ambayo kwetu huangukia karibu na adhana ya alfajiri. Ikiwa asilimia zako zinaonesha kwamba wateja watawataka watatu kati ya wanne, lipia msimu. Wakiwa mmoja au wawili, nunua mmoja mmoja. Katika hesabu hiyo usidhani kwamba kutonunua kutakuokolea bando: sasisho lenye mpiganaji mpya hupakuliwa na kila mwenye gemu, ili aweze kukutana naye mtandaoni, hata kama yeye mwenyewe hatoweza kumchagua.