Jinsi ya kupata nyumba za kulea paka kwa muda hapa Lamu

Ukitaka watu wakusaidie kulea vitoto vya paka usianze na kuweka picha kwenye status eti jamani nani atawachukua hawa, kila mtu ataangalia aseme maskini apite zake. Mwendee mtu mmoja, kwake, umuombe kitu chenye mwisho. Bi fulani, hawa ni wawili, wana wiki tano, wanakula wenyewe, nawaleta Jumamosi na baada ya wiki tatu nakuja kuwachukua, chakula juu yangu, dawa juu yangu, wewe nipe chumba tu na beseni la mchanga. Hapo mtu anaweza kukubali, manake wengi wanachohofia ni paka akishaingia hakuna tena wa kumtoa.

Wa kuanza nao ni wale wanaomwaga vichwa vya samaki dakani, pale kibarazani mlangoni, kila siku, mitaa ya Langoni na Mkomani unawajua, paka wenyewe washakuonyesha mlango. Kijana akitaka sana, sawa, lakini ongea na mamake kwanza. Kijijini Shela mwezi wa tano wageni wakipungua kuna majumba yanabaki na mlinzi tu, muombe mwenye nyumba na huyo mlinzi pia kwani ndo atakayelisha, na umpe chochote. Wiki ya Maulidi usimsumbue mtu, nyumba zimejaa. Na ukiwa na mtoto wa mbwa usibishane na mtu, paka si najisi lakini mbwa ana tohara yake ya kuosha mara saba, mtu akikataa ana haki yake, tafuta kwengine.

Anayeanza mpe kazi nyepesi. Kitoto cha chini ya wiki nne kinataka chupa kila masaa mawili matatu, usiku pia, na maziwa ya ng'ombe yatamharisha, hicho kaa nacho wewe au mpe mzoefu, ukimtwika mgeni kikafa mikononi mwake atalia na hutampata tena, na mimi naona hiyo ni kumuonea.

Kabla ya kuacha paka angalia chumba. Nyumba zetu zina kiwanda, yaani ua wa ndani usio na paa, paka anapanda ukutani huyo kaenda, kwa hivyo taka chumba chenye mlango unaofungika. Kama mna paka mwengine wasichanganywe wiki mbili za kwanza, kuna ugonjwa wa kuhara na kutapika unaua vitoto haraka sana. Akimng'ata mtu, sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu hospitali siku hiyo hiyo, hilo mwambie mapema asifiche.

Kesho yake mpigie, usingoje akutafute. Na siku mliyoagana nenda kawachukue hata kama hujapata pa kuwapeleka, kaa nao wewe. Ukiwa hapo mlangoni muulize ni jirani gani alikuwa akija kuwachezesha, huyo ndo wa kumwendea safari ijayo.