Somo: Kufundisha Kiingereza Juba bila kurudi nyumbani na gunia la pauni

Somo hili ni la mwalimu wa Kenya, Uganda au Tanzania anayefikiria kwenda kufundisha Kiingereza Sudan Kusini. Nitakawia kwenye mambo mawili ambayo huwarudisha wenzetu nyumbani kabla ya muhula kuisha: sarafu ya mshahara, na watoto waliosomeshwa kwa Kiarabu. Mengine nitayapitia haraka.

Kwanza ujue kwa nini kazi ipo. Nchi ilipopata uhuru Julai 9, 2011, katiba ya mpito ilikifanya Kiingereza lugha rasmi na lugha ya kufundishia. Ila kwa miaka mingi kabla ya hapo, ilipokuwa bado sehemu ya Sudan, serikali ya Khartoum ilikuwa imekaza Kiarabu shuleni, na walimu wengi wenyeji walisomea lugha hiyo. Halafu Aprili 2023 vita vikazuka Sudan, na familia zilizokuwa zikiishi Khartoum zikamiminika kurudi kupitia Renk, mji ulio karibu na mpaka wa Sudan. Darasa lako la nne linaweza kuwa na mtoto aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, anayeongea Kiswahili kukushinda, na pembeni yake mwenzake ambaye hajawahi kuandika herufi ya Kilatini.

Hatua ya 1: Mkataba

Usipande basi kwa ahadi ya simu. Omba mkataba wa maandishi, kisha kabla ya kutazama kiasi, tazama sarafu.

Hadi katikati ya Desemba 2015 bei rasmi ya dola moja ilikuwa pauni 2.95 za Sudan Kusini. Serikali ilipoiachilia sarafu ipangiwe bei na soko, bei hiyo ikaruka hadi 18.5 mara moja. Piga hesabu: mshahara wa pauni 3,000, ambao kwenye karatasi ulikuwa zaidi ya dola 1,000, ukageuka dola 160 hivi. Mwajiri hakuvunja mkataba wowote, maana pauni zilikuwa zile zile 3,000. Tangu hapo pauni imeendelea kuporomoka hadi dola moja ikauzwa kwa maelfu.

Mafuta huleta karibu asilimia 90 ya mapato ya serikali, na hupitia Sudan. Bomba mojawapo lilipopasuka Februari 2024 katikati ya vita vya huko, wafanyakazi wa umma walikaa miezi bila malipo. Wewe huenda ukawa shule ya binafsi, lakini mshahara wako hutoka kwenye karo inayolipwa na mzazi ambaye ni askari, karani au muuguzi wa serikali. Yeye asipolipwa, nawe hulipwi.

Kwa hiyo, taka mshahara wa dola. Wakikataa, taka pauni zinazohesabiwa kwa bei ya siku ya malipo, na iandikwe kama ni bei ya benki au ya sokoni, kwa sababu hapo katikati ndipo pesa za mwalimu hupotelea. Iandikwe pia nani analipia kibali cha kazi, nyumba, maji, na nauli ya kurudi ukifukuzwa na vurugu. Mwajiri anayekasirika ukiuliza haya amekuonyesha rangi yake mapema, mshukuru.

Hatua ya 2: Karatasi

Wakenya na Waganda tuliondolewa viza mwaka 2021. Wengine waulize ubalozi kabla ya kukata tiketi. Kuingia bila viza si ruhusa ya kufanya kazi: kibali cha kazi ni kingine, na ada yake hubadilika kwa tangazo la ghafla. Machi 2017 ilitangazwa kwamba kibali cha mtaalamu wa kigeni kitalipiwa dola 10,000 kwa mwaka, kisha agizo likasimamishwa. Septemba 2014 lilitoka agizo la kuwaachisha kazi wageni kwenye kampuni na mashirika, nalo likalegezwa baada ya siku chache. Ukisikia tangazo la namna hiyo, usifungashe siku hiyo hiyo, ila hakikisha kibali chako kiko hai.

Beba vyeti halisi na nakala zilizoidhinishwa, cheti cha tabia njema na kadi ya homa ya manjano.

Hatua ya 3: Safari

Basi hupitia Kampala, Gulu, Elegu na Nimule. Kutoka Nimule hadi Juba ni lami ya kilomita 192 iliyokamilika 2012, lakini magari yameshambuliwa humo mara kadhaa. Panga uvuke mpaka asubuhi, usisafiri usiku. Ukifika rudisha saa yako nyuma kwa saa moja. Nchi ilibadilisha saa zake Februari 2021. Dola zako ziwe noti mpya zisizo na mikunjo, kwa sababu zilizochakaa hukataliwa hata dukani.

Hatua ya 4: Darasani

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Wiki ya kwanza usifungue kitabu cha kiada. Mwite mtoto mmoja mmoja, mpe sentensi tatu asome na moja aandike. Kwa darasa la watoto themanini ni kazi ya wiki nzima, na mwalimu mkuu atakuuliza mbona huendi na silabasi. Mwonyeshe matokeo.

Mtoto aliyetoka mfumo wa Kiarabu utamjua akifungua daftari. Hulifungua kwa nyuma, na kalamu yake huenda ukingo wa kulia. Weka nukta ya kijani ukingo wa kushoto wa kila mstari hadi mkono wake uzoee. Wengi huzoea haraka. Herufi kubwa hazimo katika maandishi ya Kiarabu, kwa hiyo atakuandikia "juba" na "monday" hivyo hivyo. Sauti ya "p" huwa "b", na "paper" ikawa "baber".

Tatizo kubwa ni irabu. Katika Kiarabu irabu fupi kwa kawaida haziandikwi, msomaji huzijaza mwenyewe. Mtoto huyu akisikia "bag", "big" na "bug" huandika "bg" mara zote tatu, na kwake amekamilisha kazi. Usimchape wala usimwekee alama ya kosa tu. Chora mfuko, tembo na mdudu ubaoni, chini ya kila mchoro andika "b_g", kisha mwambie ajaze pengo. Fanya hivyo kila asubuhi kwa dakika kumi kabla ya kitu kingine chochote.

Na hapa tusemezane wenyewe kwa wenyewe. Wengi wetu tuliolelewa na Kiswahili tunatamka "bag" na "bug" sawasawa, irabu ni ile ile "a". Mtoto atajazaje pengo ambalo mwalimu wake halitofautishi? Fanya mazoezi ya jozi hizo usiku, na darasani tegemea michoro kuliko mdomo wako.

Sheria ya elimu ya 2012 inataka darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha ya nyumbani, lakini Juba darasa moja huwa na Wabari, Wadinka, Wanuer na wengine wengi, kwa hiyo kinachowaunganisha ni Kiarabu cha Juba. Jifunze salamu na maagizo yake mapema.

Kuhusu walimu wenyeji waliosomea Kiarabu: huenda anayekupita kwa hesabu na kwa uzoefu analipwa sehemu ndogo ya mshahara wako. Usimsahihishe Kiingereza mbele ya wanafunzi, na usitaje dola zako katika chumba cha walimu.

Hatua ya 5: Kuishi

Usipige picha barabarani, hasa daraja la Nile, uwanja wa ndege au askari. Usimuulize mtu kabila lake, na siasa waachie wenyewe: uchaguzi umesogezwa hadi Desemba 2026, na kila mtaa una maoni. Weka akiba ya nauli ya ndege usiyoigusa. Waliokuwa Juba mapigano yalipozuka Desemba 2013 na Julai 2016 watakuambia ilikuwa na thamani gani.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Kitale: Mimi nina cheti cha P1 tu, kile cha ualimu wa shule za msingi, sina digrii. Nijaribu?*

Jaribu shule za msingi za binafsi, mwalimu. Mashirika hutaka digrii na uzoefu, lakini mwenye shule Juba humtazama zaidi anayeweza kushika darasa.

*Mwanachama, Arua: Nimepewa kazi nje ya Juba, upande wa Bentiu. Shemeji yangu anasema nisiende.*

Msikilize kidogo. Mafuriko yamekaa huko miaka, na wakati wa mvua barabara hufa, utatoka kwa ndege tu. Kama ni shirika lenye nafasi za ndege na makazi yenye ulinzi, unaweza kwenda. Kama ni mtu binafsi, hapana.

*Mwanachama, Bukoba: Shikamoo mwalimu. Kiswahili je, hakuna soko? Nchi si imo Jumuiya?*

Marahaba. Imo tangu 2016, na wengi waliosomea Kenya na Uganda wanakiongea, lakini nafasi za kulipwa bado ni chache. Nenda kwa Kiingereza, Kiswahili ufundishe jioni ukipata wateja.

*Mwanachama, Nakuru: Pesa zinafikaje nyumbani?*

KCB na Equity ziko Juba. Uliza makato kabla ya kufungua akaunti, na uhakikishe unaweza kutoa dola taslimu. Benki huishiwa noti wakati mwingine.

*Mwanachama, Machakos: Nimesikia shule zilifungwa kwa sababu ya jua. Ni kweli au mzaha?*

Kweli kabisa, Machi 2024, na tena Februari 2025 baada ya wanafunzi kuzirai. Madarasa ya mabati ni tanuri. Masomo mazito yaweke kabla ya saa nne asubuhi. Mkataba useme kama utalipwa shule zikifungwa kwa amri ya serikali, maana wapo waliokatwa.

*Mwanachama, Gulu: Shule yangu imechelewesha mshahara miezi miwili, na vyeti vyangu viko ofisini kwa mkurugenzi. Nifanye nini?*

Vyeti kwanza, dada. Sema unavihitaji kwa ajili ya kibali, uende navyo ofisi ya uhamiaji wewe mwenyewe, na usivirudishe. Ukishavishika mkononi ndipo uandike barua ya kudai mshahara.