Kuakisi nukta kwenye mhimili wa x na wa y bila kuchanganya

Habari wadau. Nikisahihisha madaftari nakutana sana na kosa moja, swali linasema akisi nukta A(3, 2) kwenye mhimili wa x, mwanafunzi anaandika (-3, 2), ameona x basi kakimbilia kubadili x. Hapo ameakisi kwenye y!

Chukua karatasi ya grafu, chora mhimili wa x ulale na wa y usimame, weka A, yaani hatua 3 kulia, 2 juu. Sasa huo mhimili wa x ndo kioo chako. Ukisimama hatua 2 mbele ya kioo, sura yako unaiona hatua 2 ndani ya kioo, haiendi pembeni. Kwahiyo toka A shuka wima hadi kwenye kioo ukihesabu, ni 2, vuka ushuke 2 tena, umefika (3, -2). x imebaki 3 maana hukwenda kulia wala kushoto. Kama bado huamini weka doa la wino mbichi pale A, kunja karatasi kwenye mstari wa x, fungua uone doa la pili limetokea wapi. Mi naipenda sana hii kuliko kukariri.

Kioo kikiwa y, unatembea mlalo: 3 hadi kwenye kioo, 3 nyingine, (-3, 2).

Halafu tunabadili alama, sio kubandika hasi kila mahali. B(-4, -1) kwenye x inakuwa (-4, 1).

Swali: Mwalimu, na (5, 0) kwenye x?
Jibu: Inabaki palepale, umbali wake na kioo ni 0. Kwenye y ndo inaenda (-5, 0).

Swali: Nimeakisi A kwenye x kisha y nikapata (-3, -2), mwenzangu kaanza na y kapata hiyohiyo, ni bahati?
Jibu: Sio bahati, ni sawa na kuizungusha nyuzi 180 kwenye (0, 0). Ila usizoee, vioo vingine ukibadili mpangilio jibu linabadilika.

Swali: Mdogo wangu kapewa kioo y = 1, kanuni yake ipi?
Jibu: Hesabu hatua tu dada. y = 1 ni mstari uliolala unaopita kwenye 1 ya mhimili wa y. A iko hatua 1 juu ya huo mstari, shuka 1, shuka 1 tena, (3, 0).

Swali: Kwahiyo (3, -4) itakuwa (3, 6)?
Jibu: Ndiyo kabisa, 5 kupanda hadi kwenye kioo, 5 tena.